Utafiti wa muhogo upimwe pia kwa pingili safi shambani

Katika vyuo vikuu na vituo vya utafiti, mtaalamu hapandi cheo kwa maneno matupu. Huulizwa amechapisha nini, amechapisha wapi, na kazi yake imenukuliwa na wenzake mara ngapi. Hesabu hiyo ya kunukuliwa imekuwa kama mizani ya sokoni. Anayeonekana mzito ndiye anayepewa fedha za mradi, wanafunzi wa kusimamia na nafasi ya kusikilizwa na wakubwa.

Mkulima wa muhogo wa Mkuranga, Muheza au Sengerema huenda hajawahi kuisikia mizani hiyo. Hata hivyo, inamgusa mfukoni na jikoni. Ni moja ya mambo yanayoamua ugonjwa wa zao gani utafanyiwa utafiti na upi utasubiri, kijana gani msomi atabaki kwenye muhogo na yupi atahamia kwenye jambo linalompa jina haraka.

Mizani hiyo si mbovu, na wanaotaka itupwe wanakosea. Tatizo lake ni kwamba ina sahani moja tu. Inaonyesha wanasayansi wanavyotegemeana, lakini haionyeshi kama mkulima aliyetoa majani ya shamba lake yakapimwe aliwahi kupata jibu, wala kama pingili safi ziliwahi kufika kijijini kwake. Kwa nchi ambayo watu wake wengi wanakula kutokana na jembe, sahani ya pili haiwezi kuendelea kukosekana.

Kunukuliwa ni nini?

Mtafiti anapoandika matokeo ya kazi yake, hutaja maandiko ya wenzake aliyoyategemea. Kila anapotaja andiko, mwenye andiko hilo huhesabiwa kuwa amenukuliwa mara moja. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Ndivyo inavyotakiwa iwe katika sayansi: anayemtaja mwenzake awe amenyeshewa, yaani amelisoma andiko, ameijaribu njia au ameyapima matokeo na kuona yanasimama.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa hesabu ya kudumu ni Mmarekani Eugene Garfield. Alitoa pendekezo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 taasisi yake ya mjini Philadelphia ikatoa faharasa kubwa inayoonyesha nani amemnukuu nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaongeza kipimo kinachojulikana kama kipimo cha h. Mtafiti mwenye kipimo cha 20 ni yule mwenye maandiko 20 ambayo kila moja limenukuliwa mara 20 au zaidi.

Mwenye mikorosho ataelewa haraka. Mwenye mikorosho 20 ambayo kila mmoja umetoa kilo 20 au zaidi, anapata alama 20. Mwenye mkorosho mmoja uliotoa kilo 100 na mingine yote mitupu, anapata alama moja tu. Kipimo kinampenda mwenye kazi nyingi zenye mavuno ya kutosha kuliko mwenye bahati ya mara moja.

Hadi hapo hakuna ubaya. Swali ni kipimo hicho kinasema nini, na kinanyamazia nini, kinapowekwa mbele ya mtaalamu wa baiolojia ya molekuli anayeshughulika na zao la wanyonge.

Adui asiyeonekana

Baiolojia ya molekuli ni elimu inayochunguza chembe ndogo zinazobeba sifa za kiumbe, yaani vinasaba na vinavyofanana navyo. Kwa mkulima wa muhogo hiyo si elimu ya mbali, kwa sababu maadui wawili wakubwa wa zao hilo ni virusi, na virusi havionekani kwa macho.

Wa kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya njano au kijani hafifu, hujikunja na kudumaa. Wa pili ni michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi. Majani ya chini huonyesha umanjano kandokando ya mishipa, shina changa huweza kuwa na michirizi, lakini mara nyingi mmea husimama wima kama mzima. Mkulima hujua amepigwa siku anapong'oa na kukuta ndani ya mhogo kuna kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia. Mfanyabiashara wa makopa hujua anapoanza kukata na kutupa, huku gunia likigoma kujaa.

Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na yote mawili husafiri ndani ya pingili. Kwa michirizi ya kahawia, ambayo inzi hawaifikishi mbali, pingili ndiyo gari lake kuu la masafa marefu. Shina moja lenye virusi likikatwa pingili kumi na kugawiwa kwa majirani, mwenye kugawa anaweza kuwa ametoa zawadi ya ugonjwa bila kujua.

Macho ya bwana shamba, hata awe mzoefu kiasi gani, hayatoshi kumkamata adui wa namna hiyo. Hapo ndipo inapoingia maabara.

Rekodi ya Mikocheni

Dk. Joseph Ndunguru ni Mtanzania ambaye rekodi yake ya utafiti inaonyesha jambo hili vizuri. Alifanya kazi kwa miaka mingi katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, ambacho wengi walikifahamu kwa minazi. Baadaye aliongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Mwaka 2005, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Virology Journal matokeo ya uchunguzi wa virusi vya batobato kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania. Walisoma mpangilio wa vinasaba vya virusi hivyo, wakakuta mambo mazito. Kwanza, aina ya kirusi iliyokuwa imeelezwa kwanza Afrika Magharibi, nchini Cameroon, ilikuwepo pia Tanzania na ilikuwa imeenea kusini mwa nchi. Ushahidi ulionyesha kuwa haikuwa mgeni wa karibuni. Pili, virusi hivyo vilikuwa vimebadilishana vipande vya vinasaba, kama mafundi wawili wanaoazimana vipuri na kuunda mashine ya tatu.

Kwa msingi huo, watafiti hao walitoa hoja kwamba Afrika Mashariki huenda ni moja ya chimbuko la utofauti wa virusi vya muhogo barani. Si sifa ya kujivunia. Maana yake ni kwamba aina mpya zinaweza kuzaliwa hapa hapa, katika mashamba ya watu, na mbegu inayovumilia ugonjwa leo inaweza kuzidiwa kesho.

Onyo hilo lilipata nguvu mwaka 2016. Dk. Ndunguru na wenzake kutoka taasisi za nchi kadhaa walichapisha katika Journal of Virology taarifa za vipande viwili vya vinasaba ambavyo, vikiambatana na virusi vya batobato, huzidisha makali ya ugonjwa. Kimoja kati yake kiliweza kuvunja ukinzani wa aina ya muhogo yenye kinga ambayo watafiti wa mbegu wameitegemea sana. Katikati ya maandiko hayo mawili, mwaka 2015, yeye na wenzake walikuwa wameshachapisha katika PLoS ONE mpangilio kamili wa vinasaba vya sampuli 12 za virusi vya michirizi ya kahawia kutoka Afrika Mashariki.

Rekodi ya namna hiyo inastahili kunukuliwa, na imenukuliwa. Wanaozalisha mbegu, wanaotengeneza vipimo vya maabara na wanaofuatilia mwenendo wa ugonjwa hawawezi kuanza kazi bila kujua adui ana sura ngapi.

Mizani inapopima vizuri

Ikumbukwe kuwa kunukuliwa si kujipamba tu. Ni mnyororo wa kazi, na mkulima ndiye anayesimama mwisho wake.

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani na sehemu za chini, usiotisha mashamba yaliyo zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulionekana Uganda, katika maeneo ya juu kuliko hapo. Dk. Titus Alicai na wenzake walichapisha taarifa hiyo mwaka 2007. Mwaka 2009 Mtanzania mwingine, Dk. Deusdedith Mbanzibwa, pamoja na wenzake, wakaonyesha kuwa virusi vya ugonjwa huo katika ukanda wa Ziwa Victoria vinatofautiana kivinasaba na vile vya pwani ya Bahari ya Hindi. Sayansi ikaja kuvitambua kuwa ni virusi viwili tofauti.

Kila andiko lilimtegemea aliyetangulia. Aliyetengeneza kipimo cha maabara kinachonasa kirusi cha pwani tu angempa mkulima wa kanda ya ziwa cheti cha uongo. Aliyesoma maandiko ya wenzake aliepuka kosa hilo. Kwa maana hiyo, nukuu moja iliyofanywa kwa uaminifu inaweza kuokoa mashamba mengi. Anayedharau hesabu hiyo kwa kuiita mchezo wa wasomi hajui kilichomfikishia kipimo sahihi.

Mizani inapodanganya

Hata hivyo, mizani ina ulemavu wake, na wakulima wa muhogo wameulipia.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia haukuanza jana. H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara, aliutaja katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1936. Mwenzake R. F. W. Nichols akaeleza dalili zake na maeneo yake mwaka 1950. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, machache sana yaliandikwa. Utafiti ulianza kupata uhai tena miaka ya 1990.

Katika miaka yote hiyo ugonjwa haukwenda likizo. Uliendelea kuozesha mihogo ya watu wa Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara. Wanasayansi wenye fedha na maabara walikuwa kwingine, na walioathirika hawakuwa na jarida la kuandikia.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kwanza. Idadi ya nukuu hutegemea idadi ya waandishi walio katika fani hiyo. Anayeandika kuhusu saratani ana maelfu ya wenzake duniani wanaoweza kumtaja. Anayeandika kuhusu kirusi cha muhogo wa pwani ya Afrika Mashariki ana wachache, hata kama kirusi hicho kinaharibu chakula cha mamilioni. Kuwalinganisha wawili hao kwa namba moja ni sawa na kulinganisha mauzo ya duka la Kariakoo na duka la kijijini, kisha kusema mwenye duka la kijijini ni mvivu.

Udhaifu wa pili ni kwamba kinachonukuliwa sana si lazima kiwe ugunduzi mkubwa. Andiko linalotajwa kuwa limenukuliwa kuliko yote duniani ni la mwaka 1951, la Oliver Lowry na wenzake wa Marekani. Linaeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika sampuli. Limenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Ni chombo kizuri cha kazi, kama jembe lililotiwa mpini vizuri, ndiyo maana kila mtu aliliazima. Lakini nukuu 300,000 za jembe hazimaanishi kuwa jembe ni muhimu mara elfu kuliko mbegu.

Udhaifu wa tatu ni ujanja wa watu. Mtafiti anaweza kujinukuu mwenyewe kila anapoandika, au marafiki wakakubaliana nisifu nikusifu. Penye mizani ya pamba pamekuwa na watu wanaotia mchanga kwenye magunia. Penye mizani ya wasomi hapakosi wa aina hiyo.

Wanasayansi wenyewe wameliona hilo. Desemba 2012, katika mkutano wa wanabaiolojia wa chembehai uliofanyika San Francisco, Marekani, liliandaliwa azimio ambalo lilitangazwa mwaka 2013. Linazitaka taasisi na wafadhili waache kuutumia umaarufu wa jarida kama kibali cha ubora wa kazi ya mtu, na badala yake waitazame kazi yenyewe. Azimio hilo limetiwa saini na taasisi nyingi duniani. Kutia saini ni rahisi. Kubadili fomu za kupandisha watu vyeo ndiko kugumu.

Nukuu ya wakulima

Kuna hadithi ya kweli ya pingili inayopaswa kufundishwa katika kila chuo cha kilimo.

Pale Amani, kuanzia miaka ya 1930, Storey na wenzake waliuvusha muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti wa mpira wa Ceara, wakitafuta mbegu itakayostahimili virusi. Kazi hiyo ya kuzalisha mbegu iliendelea hadi miaka ya 1950. Kati ya mimea iliyotokana na juhudi hizo ulikuwepo uliopewa namba 46106/27. Mradi ulifungwa, wataalamu wakaondoka, majalada yakahifadhiwa.

Pingili hazikuondoka. Pwani ya Kenya mmea huo ulijulikana kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo uitwao Namikonga, ambao wakulima waliutunza na kupeana kama wanavyopeana mbegu nyingine. Miaka mingi baadaye, vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja.

Namikonga ndio umekuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya ukinzani dhidi ya michirizi ya kahawia katika uzalishaji wa mbegu mpya. Mwaka 2017 Dk. Esther Masumba na wenzake walichapisha utafiti wa sehemu za vinasaba zinazohusika na ukinzani huo, wakitumia mimea iliyozaliwa kwa kuuvusha Namikonga na muhogo mwingine wa wakulima wa Tanzania uitwao Albert.

Tafsiri ya hadithi hiyo ni nyepesi. Wakati wasomi walipokuwa hawamnukuu Storey, wakulima walikuwa wanamnukuu. Kila aliyemkatia jirani yake pingili za Namikonga alikuwa anasema kwa vitendo kuwa muhogo huu umenifaa, nawe upande. Hiyo ni nukuu kamili, ya mtu aliyenyeshewa na mvua anayoisifu. Hakuna faharasa iliyoihesabu, na bila nukuu hizo chanzo hicho cha kinga huenda kingepotea.

Ingekuwa busara kuacha kutegemea bahati ya namna hiyo.

Saa tatu shambani, kisha?

Dalili kwamba mambo yanaweza kwenda vizuri zaidi zipo. Mwaka 2019 timu iliyowaunganisha Dk. Laura Boykin, Dk. Ndunguru, Dk. Alicai na wenzao ilichapisha katika jarida la Genes taarifa ya maabara waliyoibeba hadi shambani. Vifaa vyao vilitumia betri, na kisomaji vinasaba chenyewe kinaenea kiganjani. Walifanya kazi katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Kenya na moja Uganda. Tangu kufika shambani hadi kupata jibu la awali kuhusu virusi vya batobato, walitumia chini ya saa tatu.

Kwa mkulima, muda huo ni tofauti ya kung'oa mmea mgonjwa sasa au kuugawa kwa majirani msimu ujao. Lakini mashamba matatu ni jaribio, si huduma. Zaidi ya hapo, jaribio hilo lilivikamata virusi vya batobato, ambavyo vinasaba vyake ni vya aina ya DNA. Virusi vya michirizi ya kahawia ni vya aina nyingine, RNA, na vinahitaji maandalizi tofauti.

Mizani ya wasomi ikishalipima andiko hilo na kulipa alama zake, kazi yake imekwisha. Haiulizi kama kifaa hicho kiliwahi kufika shamba la nne.

Sahani ya pili

Kinachotakiwa si kuongeza makaratasi. Ni kuongeza maswali machache katika fomu zilezile zinazotumika kumpandisha mtafiti cheo na kumpa fedha za umma.

Swali la kwanza: wakulima waliotoa sampuli walirudishiwa majibu? Katika utafiti mwingi wa mazao, mtaalamu huja na gari, huchuma majani, huandika jina la mkulima, kisha huondoka. Jibu likirudi, hurudi kwa Kiingereza kwenye jarida la mbali. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliobandikwa ofisi ya kijiji, ungetosha. Mtafiti aliyeurudisha apewe alama kwa hilo.

Swali la pili: matokeo yamebadilisha nini katika mbegu? Andiko linaloonyesha kuwa aina fulani ya muhogo imezidiwa na ugonjwa mahali fulani linapaswa kumfikia anayezalisha mbegu hiyo na ofisa ugani wa eneo hilo kabla ya msimu kuanza. Mtafiti aonyeshe kuwa lilifika.

Swali la tatu: pingili ngapi zilizopimwa zimeingia mashambani, na ngapi bado zimesimama zikiwa safi baada ya msimu wa pili? Hapa msisitizo uwe kwenye msimu wa pili. Kuhesabu pingili zilizogawiwa siku ya sherehe, mbele ya mgeni rasmi, ni kurudia mchezo uleule wa namba. Zinazosimama mwaka wa pili ndizo zinazosema kweli.

Wapo watakaosema kuwa kugawa mbegu si kazi ya mtaalamu wa molekuli. Ni kweli, na hakuna anayetaka avue koti la maabara abebe mizigo ya pingili. Kuna watafiti wa mbegu, kuna taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, TOSCI, kuna maofisa ugani na wakulima wazalishaji wa mbegu. Lakini mnyororo hukatika pale ambapo kila mmoja anapimwa kwa kipande chake tu. Mtaalamu akijua kuwa simu yake kwa mzalishaji wa mbegu ina alama kama nukuu yake katika jarida, atapiga simu.

Wapo pia watakaosema kuwa kijana msomi akianza kuhangaika na vijiji ataachwa nyuma na wenzake wa Ulaya na Marekani. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana sahani ya kwanza isiondolewe. Mtafiti asiyechapisha, ambaye kazi yake haijapitiwa na wenzake, ni hatari kwa mkulima kuliko asiyefika kijijini, kwa sababu anaweza kufika kijijini na jambo ambalo si kweli. Sahani zote mbili zining'inie kwenye mkono mmoja.

Wajibu wa mnunuzi

Wakulima na wafanyabiashara nao wasikae wakisubiri fomu zibadilike. Wana mizani yao, na ina nguvu.

Anayenunua pingili aulize zimetoka wapi, shamba mama limekaguliwa na nani, na kama mzalishaji ana uthibitisho wa TOSCI. Asiponunua bila majibu, wauza pingili watajifunza kutafuta majibu. Anayekata pingili shambani kwake achague mimea isiyo na dalili na, wakati wa kung'oa, apasue mihogo ya shina hilo kabla ya kulifanya mbegu. Shina lililozaa mhogo wenye madoa ya kahawia ndani lisigawiwe kwa mtu. Kufanya hivyo hakumfikii mtaalamu mwenye maabara, lakini kunapunguza mzigo wa ugonjwa.

Wanunuzi wa makopa na wenye viwanda vidogo vya unga nao wana la kufanya. Wao ndio wanaoona mihogo ya vijiji vingi ikipasuliwa kwa siku moja. Wakiwa na daftari linaloonyesha mzigo wenye kuoza kwa kahawia umetoka kijiji gani na ni muhogo wa aina gani, watakuwa wameshika taarifa ambayo hata maabara inaihitaji. Vikundi vya wakulima vimkabidhi ofisa ugani taarifa hizo kwa maandishi, na vidai maandishi kwa maandishi.

Mtafiti anapokuja kuchuma majani, apokewe vizuri, apewe kivuli na maji ya kunywa. Kabla hajaondoka, aulizwe swali moja tu: jibu litarudi lini, na kwa nani? Likiulizwa katika kila kijiji anachopita, swali hilo litafika hadi kwenye meza za wanaogawa vyeo na fedha.

Tanzania ina wataalamu ambao kazi zao zinanukuliwa duniani, na jambo hilo ni la heshima. Itakuwa heshima kubwa zaidi pale ambapo aina safi ya muhogo, iliyopimwa na wataalamu hao, itakuwa inapita kutoka mkono wa mkulima mmoja hadi mwingine kama ulivyopita Namikonga, ila safari hii kukiwa na mtu anayehesabu.